Kibodi ya USB Haifanyi Kazi Sawasawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kibodi ikigoma, wengi hukimbilia kusakinisha Windows upya au kununua kibodi nyingine. Yote mawili yanaweza kuwa kazi bure kama hujajua ubovu umekaa wapi. Unaweza kuwa kwenye kibodi yenyewe, njiani kati ya kibodi na kompyuta, au ndani ya kompyuta. Jua kwanza ni wapi, ndipo uguse mipangilio. Majibu mengi hapa yanahusu Windows 10 na Windows 11; Mac na Linux zina jibu lao huko chini.

Kibodi imezima ghafla, haiandiki chochote. Nianzie wapi?

Anza na Caps Lock. Ibonyeze mara kadhaa huku ukiangalia taa yake. Wengi hudhani taa hiyo huwashwa na kibodi, kumbe sivyo. Kibodi hupeleka taarifa kwamba kitufe kimebonyezwa, kisha kompyuta ndiyo inayorudisha amri ya kuwasha taa. Kwa hiyo taa ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mawasiliano yanakwenda na kurudi: waya ni mzima, tundu ni zima, na kompyuta inaisikia kibodi. Hapo usihangaike na nyaya. Tafuta tatizo kwenye mipangilio, au kwenye programu unayoandikia, ambayo huenda imeganda au haijachaguliwa. Bofya ndani ya dirisha lake kwanza. Inashangaza ni mara ngapi hilo peke yake linamaliza kesi.

Kama taa haibadiliki, sogeza kipanya. Mshale nao ukiwa umeganda, huenda kompyuta nzima imekwama na kibodi inasingiziwa tu. Mshale ukitembea vizuri, chomoa kibodi, subiri sekunde kama kumi, kisha ichomeke kwenye tundu jingine, moja kwa moja kwenye kompyuta, bila habu (kile kigawanyi cha matundu ya USB) wala kebo ya kurefusha. Bado kimya? Ipeleke kwenye kompyuta nyingine. Ikiandika huko, kibodi haina kosa na kesi inarudi kwa kompyuta yako. Isipoandika huko pia, ni kibodi au waya wake. Kama una kibodi ya pili, fanya na kinyume chake: ichomeke kwenye kompyuta yenye tatizo. Majaribio haya mawili huchukua dakika chache na yanazidi faida ya saa nzima ya kupekua mipangilio.

Mbona taa za chini ya vitufe zinawaka lakini haiandiki?

Kwa sababu umeme na data havipiti kwenye waya mmoja. Ndani ya kebo ya kawaida ya USB 2.0 kuna nyaya nne: mmoja wa umeme wa volti 5, mmoja wa kurudisha umeme, na mbili za data. Taa za urembo zinahitaji zile mbili za umeme tu. Waya wa data ukikatika, kibodi itang'aa vizuri na isiandike hata nukta. Ndiyo maana taa za urembo si ushahidi wa uzima. Ya Caps Lock ndiyo inayoaminika.

Kama kebo ya kibodi yako inachomoka, ile ya USB-C au micro-USB, ishuku hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Kuna kebo zilizotengenezwa kwa kuchaji tu, ambazo hazina nyaya za data kabisa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na nyingine. Kebo iliyokuja na kibodi ikipotea na ukachukua ya kuchajia simu, unaweza kuangukia hapo hapo. Jaribu kebo ambayo umewahi kuhamishia picha au mafaili kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta. Hiyo ina uhakika wa kuwa na data.

Kebo isiyochomoka hukatikia sana pale inapoingia kwenye kibodi au karibu na kichwa cha USB, kwa sababu ndipo inapokunjwa. Fungua ukurasa mtupu, shikilia kitufe kimoja kiendelee kuandika, na uukunje waya taratibu sehemu hizo mbili. Herufi zikikatika na kurudi kufuata mkono wako, umekwishampata mchawi.

Kuna tofauti gani nikitumia tundu la mbele au la nyuma?

Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya nyuma yako kwenye ubao mkuu wenyewe. Ya mbele yameunganishwa kwa kebo ya ndani, na kebo hiyo huweza kulegea au kuwa haijachomekwa tangu siku kompyuta ilipofungwa. Kwa uchunguzi, tumia la nyuma.

Tundu la buluu la USB 3.0 halitaifanya kibodi iwe na kasi zaidi. Kibodi nyingi zinazungumza kwa kasi ya chini kabisa ya USB, megabiti 1.5 kwa sekunde, na hiyo inatosha na kubaki kwa mtu anayeandika kwa vidole kumi. Kinachotofautiana ni umeme: tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa hadi miliampea 500, la USB 3.0 hadi 900. Kibodi isiyo na mapambo haitumii hata robo ya hizo 500. Matatizo huja kibodi yenye taa nyingi inapochomekwa kwenye habu isiyo na umeme wake, pamoja na diski ya nje na kamera, vyote vikigombania tundu moja. Dalili yake ni kibodi inayozima na kuwaka, hasa diski inapoanza kufanya kazi.

Kompyuta inadai nywila na kibodi haiandiki. Naingiaje?

Kwa kipanya. Kwenye skrini ya kuingilia ya Windows, kona ya chini kulia, kuna alama ya ufikivu. Ibofye, chagua On-Screen Keyboard, na kibodi itatokea kwenye skrini uandike kwa kubofya. Ukishaingia, utaipata tena kwenye Settings, sehemu ya Accessibility, kisha Keyboard; kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Ease of Access. Inachosha kuandikia barua, lakini inatosha kufanyia matengenezo yote yaliyotajwa hapa.

Nikibonyeza alama moja inatokea nyingine. Kibodi imeharibika?

Hapana. Kibodi haitumi herufi. Inatuma namba ya mahali kitufe kilipo. Kitufe kinachofuata Caps Lock, ambacho kwenye QWERTY, mpangilio wa kawaida wa Kiingereza, kimechorwa A, hutuma namba 4, na ni kompyuta inayoamua namba 4 isomeke vipi. Ukiiambia kompyuta kwamba kibodi yako ni ya Kifaransa, kitufe hicho hicho kitaandika Q. Kibodi haijui kabisa kilichochorwa mgongoni mwake.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha @ na alama ya kunukuu. Kwenye mpangilio wa Marekani, Shift na 2 hutoa @. Kwenye ule wa Uingereza hutoa alama ya kunukuu, na @ imehamia karibu na Enter. Kama hizo mbili zimebadilishana nafasi, mpangilio wako hauendani na michoro ya vitufe. Shikilia kitufe cha Windows ubonyeze Space ili ubadilishe. Kisha nenda kwenye Settings, Time & Language, uondoe mpangilio usioutumia, maana ukibaki utarudi siku kidole kitakapogusa mchanganyiko huo bila kukusudia. Hili ndilo linalowachanganya wengi kwenye nywila: nywila ni sahihi, ila alama zinazoingia si zile unazodhani, na vile vidoto vyeusi havikuonyeshi.

Kama ni kompyuta mpakato na herufi za upande wa kulia zinatoa tarakimu, yaani J, K, L zinaandika 1, 2, 3, basi Num Lock imewashwa. Kwenye baadhi ya mpakato, ukiiwasha kwenye kibodi ya nje, ile ya ndani nayo inabadilika. Izime, imekwisha.

Lazima nikishikilie kitufe kwa muda ndipo kiandike. Kwa nini?

Karibu kila mara ni Filter Keys. Huu ni msaada wa Windows kwa watu ambao mikono yao hutetemeka: kompyuta hupuuza mibonyezo mifupi au inayojirudia haraka. Shida ni namna unavyojiwasha. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows inakuuliza kama unautaka, na ukibonyeza Enter bila kusoma umeshakubali. Mtu anayeegemeza kidole kwenye Shift huku akiwaza anaweza kuuwasha asijue.

Ndugu yake ni Sticky Keys, unaoamka ukibonyeza Shift mara tano mfululizo. Huo hufanya Shift, Ctrl na Alt zibaki kana kwamba zimeshikiliwa, kwa hiyo unabonyeza S kuandika na kompyuta inahifadhi faili. Vyote viwili vizime kwenye Settings, Accessibility, Keyboard, na uzime pia njia zao za mkato. Hakuna haja ya kuzima kama kuna mtu anayevihitaji kwenye kompyuta hiyo. Mwonyeshe tu kila mtumiaji jinsi vinavyowaka.

Herufi moja inajiandika mara mbili, hasa kitufe ninachokitumia sana.

Hapa tenganisha mambo mawili. Kama kila herufi inajirudia ukichelewa kidogo kuinua kidole, ongeza muda wa Repeat delay kwenye Control Panel, sehemu ya Keyboard. Kama ni kitufe kimoja au viwili tu, vyuma vya ndani ya swichi vimechakaa au vimeingia uchafu. Vyuma hivyo vinapogusana hudundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na kibodi imeprogramiwa kungoja mdundo huo uishe. Swichi ikizeeka mdundo unarefuka kuliko muda unaongojewa, na kompyuta inahesabu mibonyezo miwili.

Hewa ya kopo la kusafishia, au tone la alkoholi ya isopropili kwenye swichi huku kibodi ikiwa imechomolewa, husaidia mara nyingi, ila wakati mwingine kwa muda tu. Kuna programu za kuchuja mibonyezo hiyo miwili. Binafsi nazichukulia kama bandeji.

Vitufe vichache tu ndivyo vimekufa.

Andika orodha ya vilivyokufa, kisha uangalie kama vina uhusiano. Ndani ya kibodi, vitufe havina waya mmoja mmoja. Vimepangwa kwenye gridi ya mistari na safu, na kila kitufe ni makutano ya mstari na safu. Kitufe kimoja kikifa peke yake, ni uchafu au swichi yake. Vikifa kadhaa kwa mkupuo mmoja, hasa vilivyo karibu karibu, yawezekana mstari mzima wa gridi umekatika, na hapo kusafisha juu juu hakutasaidia.

Kabla ya hapo, ondoa visingizio. Kitufe cha Windows kisichofanya kazi kwenye kibodi ya michezo mara nyingi kimefungwa makusudi, ili mchezaji asitupwe nje ya mchezo. Tafuta kitufe chenye mchoro wa kufuli au wa kidhibiti cha mchezo, ukibonyeze pamoja na Fn. Baadhi ya kibodi hizo pia zina mchanganyiko, kwa kawaida Fn na W, unaobadilishana W, A, S, D na mishale. Na F1 hadi F12 zikifanya kazi za sauti na mwanga badala ya kazi zake, ni Fn Lock.

Kusafisha: chomoa, igeuze kichwa chini, igongegonge, pulizia hewa kati ya vitufe. Ikibidi kung'oa kofia za vitufe, piga picha kwanza. Anza na vidogo, na uwe mwangalifu na Space, Enter na Shift, kwa kuwa chini yake kuna vyuma vya kusawazisha ambavyo kuvirudisha kunahitaji subira.

Nikibonyeza vitufe vingi pamoja, vingine havisomeki.

Hilo si ugonjwa. Ripoti ya kawaida ya kibodi ya USB ina baiti 8: moja ya Shift, Ctrl na wenzao, moja ya akiba, na sita za vitufe vingine, kwa hiyo mwisho ni sita kwa wakati mmoja. Kibodi nafuu huchanganyikiwa hata kwa vitatu, kwa sababu gridi yake haina diodi za kuzuia umeme usirudi kinyumenyume.

Nimeimwagia kinywaji. Nifanye nini sasa hivi?

Chomoa. Usimalize sentensi, usihifadhi kwa kibodi hiyo. Hifadhi kwa kipanya. Igeuze kichwa chini ili kimiminika kitoke kilikoingilia, futa, uiache ikauke angalau siku nzima mahali penye hewa. Maji matupu mara nyingi hayaachi madhara. Kinywaji chenye sukari ni jambo jingine: kikikauka kinaacha gundi, na chumvi na asidi vinakula njia za umeme polepole, ndiyo sababu kibodi hufanya kazi wiki mbili kisha ikaanza kufa kitufe kimoja kimoja. Kwa hiyo ifungue ukiweza, uifute kwa maji yaliyochemshwa na kutoneshwa au alkoholi ya isopropili, kisha uikaushe tena. Kikaushia nywele chenye moto hukunja karatasi za plastiki zenye njia za umeme, zilizomo ndani ya kibodi nyingi. Kuizika kwenye mchele hakuna maana. Haya ni ya kibodi ya nje. Kompyuta mpakato ikimwagiwa, izime kabisa na uondoe umeme kwanza.

Inafanya kazi kwenye BIOS lakini Windows ikiwaka inakufa. Au kinyume chake.

Habari hiyo ina thamani kubwa. Ikifanya kazi kwenye BIOS, yaani skrini ya mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows kuanza, basi kibodi, waya na tundu vyote ni vizima. Mtuhumiwa ni Windows. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, kwa kipanya, panua Keyboards, bofya kulia kwenye HID Keyboard Device, chagua Uninstall device, kisha washa kompyuta upya. Windows itaigundua kama mgeni na kuiwekea draiva, yaani programu ya kuiendesha, tena. Chagua Restart, si Shut down: tangu Windows 8 kuna Fast Startup, ambayo ukichagua Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha ilivyokuwa, pamoja na kasoro yake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Kinyume chake, yaani Windows inaikubali lakini huwezi kuingia BIOS, tafuta mpangilio wa Fast Boot uuzime, na Legacy USB Support uuwashe. Ili uingie BIOS bila kibodi, tumia kipanya: Settings, Recovery, Advanced startup, kisha UEFI Firmware Settings. Humo ndani utahitaji kibodi kama BIOS haikubali kipanya, kwa hiyo jaribu tundu la USB 2.0.

Kuna visa viwili vinavyojulikana vya kosa la mfumo wenyewe. Windows 7 ilitoka mwaka 2009 bila draiva za USB 3.0, hivyo ukiisakinisha kwenye ubao mkuu wa kuanzia kizazi cha chipu za Intel cha 2015, kibodi na kipanya vinaweza kukaa kimya katikati ya usakinishaji. Na Oktoba 2025, sasisho KB5066835 la Windows 11 lilifanya kibodi na vipanya vya USB visifanye kazi ndani ya mazingira ya kurejesha mfumo, huku vikifanya kazi vizuri kwenye Windows ya kawaida. Microsoft ilitoa dawa, KB5070773, siku chache baadaye.

Kibodi inakatika nikikaa bila kuandika, au kompyuta ikitoka usingizini.

Windows inazima tundu ili kuokoa umeme. Kwenye Device Manager, chini ya Universal Serial Bus controllers, fungua kila USB Root Hub, nenda Power Management, ondoa tiki kwenye ruhusa ya kuzima kifaa. Kisha kwenye Power Options, mipangilio ya kina (advanced), zima USB selective suspend. Kwenye mpakato utapoteza chaji kidogo tu.

Windows inasema USB device not recognized, au Code 43.

Maana yake kompyuta imeona kuna kitu, lakini hawaelewani. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili mabaki ya umeme yaishe, kisha washa. Ikirudi na ujumbe ule ule kwenye tundu jingine na kwenye kompyuta nyingine, ni waya wa data au saketi ya kibodi.

Je, nipakue draiva ya kibodi?

Kwa kuandika tu, hapana. Kibodi za USB ziko kwenye kundi la vifaa liitwalo HID, na Windows, macOS na Linux zote zina draiva yake tayari. Programu ya mtengenezaji inahitajika kwa taa na vitufe maalumu tu. Programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepuke. Kwa kibodi hazina cha kukusaidia, na nyingine zinaleta matangazo au vibaya zaidi.

Natumia Mac. Na Linux je?

Kwenye Mac, kibodi ya Windows itafanya kazi, ila Command na Option zitakuwa zimebadilishana. Zirudishe kwenye System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, Modifier Keys. Kwa MacBook zenye chipu za Apple, kuanzia macOS Ventura ya 2022, kifaa kipya cha USB huombewa ruhusa. Ukipuuza ujumbe huo, kibodi haitaunganishwa. Angalia pia Slow Keys kwenye Accessibility, ambayo ni sawa na Filter Keys.

Kwenye Linux, endesha sudo dmesg -w kisha uchomeke kibodi. Mistari mipya ikitokea, kompyuta imeiona. Pasipotokea chochote, rudi kwenye waya na tundu.

Yangu haina waya, inatumia kipokezi kidogo cha USB.

Badilisha betri kwanza. Kisha hamisha kipokezi mbali na tundu la USB 3.0 lenye diski, kwa sababu kelele ya USB 3.0 huingilia masafa ya gigahezi 2.4 ambayo kipokezi hutumia. Kebo fupi ya kurefusha inatosha.

Ni wakati gani haifai tena kuhangaika?

Ikiwa imeshindwa kwenye kompyuta mbili na kebo mbili. Kibodi ya karatasi za plastiki iliyokatika mstari wa gridi haina matengenezo yanayostahili muda wako. Yenye swichi za mitambo ni tofauti: swichi moja hubadilishwa kwa kuchomea, na kama ni aina ya swichi zinazochomoka, unaing'oa kwa kibano na kuweka nyingine bila moto wowote. Kebo isiyochomoka nayo hubadilishwa, mradi ufuate mpangilio wa nyaya nne ulivyo kwenye ubao wa ndani badala ya kuamini rangi, maana watengenezaji wengine hawafuati rangi za kawaida.